Kabla Hujamwaga Zege Mbele ya Udzungwa

Wadogo zangu, barua za wachumba na mawifi nitazirudia toleo lijalo. Leo nina barua moja tu ya kujibu. Nimeisoma usiku, asubuhi nikaisoma tena, kwa sababu inagusa jambo ambalo wengi wenu mtakutana nalo wazazi watakapotangulia: shamba la kijijini lisilozaa sana, lenye nyumba iliyochoka, lakini ukisimama uani kwake unaiona dunia.

Aliyeniandikia ni binti wa miaka thelathini na kitu, anafanya kazi Dar es Salaam. Baba yao alifariki mwaka jana, akaacha ekari tatu kwenye barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, upande wa mlimani, kati ya Sanje na Mang'ula. Nyuma ya nyumba Udzungwa imesimama wima na msitu wake. Mbele ni bonde la Kilombero: miwa, mpunga, mitiki, reli ya TAZARA, kisha ukungu wa mbali ambako jicho linakoma. Kaka zake wawili wamepata mnunuzi na wanataka hela zigawanywe kabla mwaka haujaisha. Yeye anataka shamba libaki, nyumba ya baba ibomolewe, ijengwe nyingine yenye kuta za vioo na vyumba vya wageni. Anauliza kama awazuie kaka zake, na akiwazuia, aanzie wapi.

Mdogo wangu, nianze na la kaka zako maana halisubiri. Kama mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi, hakuna mtu katika familia yenu mwenye mamlaka ya kuuza hata kona ya ua. Itisheni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mchukue cheti cha kifo muende mahakama ya mwanzo. Na usiingie kwenye kikao hicho kama mtu aliyekuja kuomba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kuiuza ni sawa na ya mwanamume. Ukitoka hapo, uliza ofisi ya kijiji kama baba alikuwa na hatimiliki ya kimila. Kama hakuwa nayo, huu ndio wakati wa kuanza kuifuatilia, majirani wanaoijua mipaka wangali hai. Kama eneo lenu limeshaingia kwenye mji, taratibu zake ni nyingine, muulize afisa ardhi wa halmashauri.

Lakini sheria isiwe silaha yako ya kwanza. Kaka zako wana ada za shule na madeni kama watu wote, na kwao ile ni ardhi iliyolala. Kaa nao, uwaonyeshe kwamba zile ekari tatu si kitu kimoja. Kipande cha barabarani kina thamani ya biashara: fremu za maduka, sehemu ya kupaki magari, kituo cha bodaboda. Kipande cha juu, kule ambako nyumba ya baba imekaa, kina thamani ya macho, na mnunuzi wao anaijua vizuri hiyo thamani, ndiyo maana ana haraka. Waachie cha barabarani wao, chukua cha juu wewe, tofauti mlipane kidogo kidogo kwa maandishi. Nimeona familia zikipona kwa mgawanyo wa namna hiyo. Nimeona pia watu waliouza kwa bei ya shamba la mahindi, halafu wakaja kulipia chai kwenye baraza la mtu mwingine ili waone mlima waliozaliwa chini yake.

Sasa tuje kwenye nyumba, na hapa nataka unisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu ndipo ninapoogopa kwa ajili yako.

Hiyo mandhari unayoipenda haimo ndani ya ekari zako. Hesabu unachokiona. Mlima ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, kilomita za mraba 1,990, mali ya Watanzania wote. Msitu wake unapanda bila kukatika kuanzia mita kama 250 juu ya usawa wa bahari, pale karibu na vijiji, mpaka zaidi ya mita 2,000, na sehemu chache sana Afrika Mashariki zimebaki na mteremko wa miti usiokatwa kiasi hicho. Bonde ni la wakulima wa mpunga, la kampuni ya sukari, la Wandamba wanaovua perege na kambale, la wafugaji, na la maji yenyewe, ambayo kila masika hutanda yapendako. Ardhioevu ya Kilombero, kilomita za mraba 7,967, iliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na maji yake ni sehemu kubwa ya Rufiji. Wewe una baraza. Vilivyo mbele ya baraza ni vya wenzako, na siku wakivibadilisha hutakuwa na pa kushtaki.

Kwa hiyo matofali yasubiri kwanza. Kazi ya mwanzo ni kujua unatazama kwa nani. Jirani wa chini yako, yule mwenye shamba la mahindi, anapanga nini? Akipanda mitiki, na watu wengi ukanda ule wamepanda, miaka michache tu majani yake mapana yatakuwa yameziba bonde zima, na atasubiri miaka ishirini au zaidi kabla ya kuvuna. Huwezi kumlaumu, mitiki ndiyo pensheni yake. Lakini ukimfuata mapema, kabla hajanunua miche, ukakaa naye ukazungumza, huenda akaipanda pembeni na katikati akaacha mihogo au mpunga. Huenda ukaweza kumkodi kipande cha mbele kwa msimu, ukalima ufuta au mbogamboga, mazao mafupi. Anayeanza na maongezi analipa kidogo. Anayesubiri miti isimame ndipo aende kulalamika anaambulia uadui na kivuli.

Kisha nenda kijijini ukaulize kama kuna mpango wa matumizi bora ya ardhi. Vijiji vingi vya pembezoni mwa hifadhi vinao, na humo utaona wapi pametengwa kwa makazi, wapi kwa kilimo, wapi kwa malisho, na wapi ni ushoroba wa tembo. Usione tembo ni habari za watalii. Tembo wa Udzungwa wana njia zao za zamani za kuvuka bonde kwenda upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na njia nyingi zimezibwa na mashamba. Tembo akikuta migomba na mipapai nyuma ya nyumba yako, ukuta wako wa vioo haumhusu. Huko Mang'ula wapo wakulima waliofunga uzio wa mizinga ya nyuki, waya mmoja ukiunganisha mzinga na mzinga, tembo akiugusa nyuki wanatoka, naye anawaogopa. Asali wanauza. Ningekuwa wewe, upande unaopakana na mlima nisingepanda chakula chochote kinachomvutia, na uzio wangu ungekuwa huo.

La pili: usichore ramani ya nyumba kabla hujauona mwaka mzima wa mahali hapo. Najua una haraka, una picha za simu za mwezi wa saba, mlima uko safi kama umeoshwa. Nenda Machi na Aprili. Utakuta mlima haupo. Wingu limekaa nusu yake siku tatu mfululizo, mvua inapiga kwa mshazari, na uwanja wa mbele umegeuka kijito. Hapo ndipo utaona maji yanakopita, na hapo usijenge, hata kama ndipo panapotazamika vizuri kuliko kote. Ule mteremko unashusha mito mingi kwa ghafla. Maporomoko ya Sanje peke yake yanaanguka mita 170 kwa ngazi tatu. Maji yaliyoanguka hivyo hayabishani na msingi wa mtu. Waulize wazee wanaoujua Mto Lumemo jinsi unavyoingia Ifakara ukifura. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, nayo inalinda na uhai wako.

Halafu rudi Septemba au Oktoba. Mashamba yanachomwa, miwa inachomwa kabla ya kukatwa, na bonde lote linavaa moshi. Majivu meusi mepesi yanaruka na kukaa kwenye kuta nyeupe, kwenye nguo zilizoanikwa kambani, kwenye maziwa ya mtoto. Mbali huoni kitu. Wageni watakaokuja mwezi huo kwa sababu ya picha zako za Julai watajisikia wamedanganywa, na hawatarudi. Ukijua miezi ya moshi na miezi ya wingu, utajua cha kuwaahidi. Miezi ya mvua una maporomoko yaliyojaa, vipepeo, sauti za mbega kwenye mti wa jirani. Uza hayo kwa majina yake, usiuze jua ambalo huna.

Jua lenyewe lina tabia yake pale, nayo ni zawadi kwa mjenzi anayeangalia. Mlima uko magharibi mwenu, bonde liko mashariki. Asubuhi jua linatoka upande wa bonde na kuupiga mlima usoni, kila korongo linaonekana, kila mti mkubwa una kivuli chake. Huo ndio wakati wa kutazama nyuma ya nyumba, si mbele. Alasiri mambo yanageuka. Jua linajificha nyuma ya mlima mapema, kabla ya machweo ya watu wa bondeni, na kivuli cha Udzungwa kinaanza kutembea juu ya mashamba kuelekea mtoni huku ng'ambo, milima ya Mahenge, ikiwa bado inang'aa. Ukienda Dar es Salaam upande wa magharibi wa nyumba ni tanuri jioni. Kwenu ni upande wa baridi. Basi jenga mabaraza mawili: la mbele kwa ajili ya jioni na bonde, na la nyuma, dogo, kwa ajili ya chai ya asubuhi na mlima. Watu wengi wa kule wamejenga wakielekea barabara tu, mlima wameupa jiko na choo.

Kuhusu vioo, jibu langu ni hapana, au angalau si hivyo unavyotaka. Ukuta wa kioo unaoelekea mashariki utaingiza jua la saa moja asubuhi mpaka saa tano, na chumba kitachemka kabla ya mchana kufika. Ndege watajigonga, wakidhani ni anga. Na pale una ndege na wanyama ambao dunia inawafuata: ngolaga wa Sanje, kima mwenye uso wa kijivu-waridi aliyetambuliwa na watafiti mwaka 1979, anaishi kwenye Udzungwa tu. Mbega mwekundu wa Udzungwa naye ni wa kule kule. Usijenge kitu kinachowaumiza hao. Paa refu lenye upenu mpana, mita mbili au zaidi, nguzo, ukuta wa kiuno, na macho yanaingia hewani bila kioo chochote kati. Tofali za kuchoma za baba yako zinaufaa huo ujenzi. Kabla ya kubomoa nyumba yake, mlete fundi anayejua, aangalie msingi. Kama msingi ni mzima, ongeza baraza, inua paa, panua madirisha, uache kuta. Baba yako aliishi hapo miaka yote hiyo, na sehemu aliyoichagua aliichagua akijua maji yanapita wapi.

Halafu mbu. Saa ile nzuri kuliko zote, jua likishazama nyuma ya mlima na bonde likigeuka rangi ya shaba, ndiyo saa mbu wanapoanza kazi. Haikutokea bure kwamba taasisi ya utafiti wa afya iliwekwa Ifakara. Ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi, na malaria imekuwa kazi yake kubwa kwa miongo. Mbu wengi huingilia ule upenyo wa juu kati ya ukuta na paa. Uzibe wote kwa wavu, wala usikubali fundi akwambie upenyo hautaonekana. Baraza la jioni nalo liwekee wavu mzuri mweusi. Mweusi hauzuii macho kama mweupe. Chandarua kila kitanda, cha mgeni na chako.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, na sitaki nilipite. Unaposema unataka wageni waje kuona mlima, jua kwamba mlima huo kwa mama zako wadogo na majirani zako si picha. Miaka mingi wanawake wa vijiji vya pembezoni waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilisitishwa ili msitu upumue, na msitu umefaidika, lakini mzigo uliwashukia wao: kupanda miti yao, kununua mkaa, kutembea mbali zaidi. Mtalii anaona kijani. Mama wa pale anaona kijani pamoja na jiko lake. Ukijenga nyumba ya kutazama mlima halafu ukawa unanunua mkaa wa magendo kwa ajili ya kupikia wageni, utakuwa unaukata mlima unaoutangaza. Pika kwa gesi, au jiko banifu na kuni za miti uliyopanda mwenyewe. Ajiri wapishi kutoka hapo hapo, nunua mchele wa bondeni, ndizi za jirani, kokoa ya Mbingu ukiweza kuipata, samaki wa Wandamba. Jirani anayeingiza hela kutokana na mandhari yako atakuwa wa kwanza kuilinda. Asiyepata chochote hana sababu ya kukuachia hata kichaka.

Na watu wa kuwatembeza wageni wako, watafute waliozaliwa hapo. Kabla hata ya fundi, mtafute mzee mmoja au bibi mmoja akae nawe barazani siku nzima, akuonyeshe kwa kidole: lile korongo linaitwaje, ule mto unatoka wapi, kule palikuwa na kijiji gani kabla watu hawajahamishwa, pale Wachina walipiga kambi walipokuwa wanajenga reli kati ya mwaka 1970 na 1975. Andika yote. Mgeni akikaa kwako na kuambiwa kwamba treni inayopita bondeni inakwenda mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, ataitazama mara mbili. Nyumba za vioo zitajengwa nyingi pale miaka ijayo. Mwenye kujua anachokitazama atakuwa mmoja mmoja, na hiyo ndiyo biashara yako.

Hela? Usianze na vyumba vinne. Anza na kimoja, kile cha baba, ukikarabati vizuri, na choo kizuri cha ndani chenye shimo lililo mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Mgeni anasamehe kitanda cha kawaida kama mandhari ni nzuri na choo ni safi. Hasamehi kinyume chake. Usikope benki kwa dhamana ya hati kabla hujaona msimu mzima wa wageni. Na usiache kazi Dar es Salaam mwaka huu. Mwachie shangazi au binamu wa pale aangalie nyumba, kwa mshahara wa maandishi, si kwa "tutaangaliana".

Wengine wenye mashamba ya aina hii, Lushoto, Mgeta, Rungwe, Kerio, mtaona kwamba mengi ya haya yanawahusu, mkibadilisha tu mlima uko upande gani na jirani anapanda nini. Kwenye vilima vya Lushoto ni mikalitusi inayoziba, si mitiki. Huko Rungwe ukungu ni wa karibu mwaka mzima, jengeni dirisha dogo na sehemu ya moto.

Wewe wa Sanje, fanya hivi kwa mpangilio: kikao cha ukoo mwezi huu, mahakama ya mwanzo baada yake, ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo ukipata nafasi, halafu jirani wa chini. Mpelekee sukari na majani ya chai, usimpelekee mwanasheria. Fundi aje mwisho, baada ya masika. Mkuu wa kikao akisema binti harithi upande wa juu, mwombe akuandikie maneno hayo kwenye muhtasari na asaini. Mara nyingi hapo sauti hushuka. Ukishakaa nao, niandikie wameamua nini, nitakusaidia kuandika mkataba wa kulipana kidogo kidogo.